Kitu Puani mwa Mtoto: Tusichokore, Tusingoje



Somo letu la safari hii ni la afya ya watoto wadogo. Limetokana na swali ambalo tumeulizwa mara nyingi na akina mama tukitembelea vikundi, kuanzia Subukia na Bahati mpaka Njoro, Molo na Kuresoi: "Mtoto akiingiza kitu kwa pua, tufanye nini?" Anayeuliza kwa kawaida huuliza akicheka kidogo, maana jambo lenyewe laonekana kama mchezo wa watoto. Lakini mkimwacha aendelee kusimulia, mtasikia habari ya mtoto aliyetokwa na damu kwa sababu ya pini ya nywele, au mtoto aliyenuka pua miezi mitatu mizima huku akinunuliwa dawa ya homa. Kwa hiyo tumeonelea tulichukue jambo hili polepole. Kiongozi wa kikundi anaweza kusoma sehemu moja kwa sauti, kisha mkazungumza kabla ya kwenda sehemu inayofuata.

NI WATOTO GANI, NA NI VITU GANI?

Wengi ni wa miaka 2 hadi 5. Katika umri huo mtoto ameshajua kushika kitu kidogo kwa vidole viwili, lakini hatari bado hajaijua. Anajifunza mwili wake. Anatia kidole sikioni, anatia mdomoni, anatia puani, halafu siku moja badala ya kidole anatia punje ya mahindi. Wengine hufanya hivyo kwa sababu pua inawawasha wakati wa homa. Wengine hutiliwa na ndugu zao wakicheza daktari na mgonjwa. Na kwa kuwa watoto wengi hutumia mkono wa kulia, mara nyingi kitu hupatikana tundu la kulia, ingawa la kushoto pia ni lazima liangaliwe.

Huku kwetu msimu ndio unaotuambia tutafute nini. Mwisho wa mwaka tukipukuchua mahindi, mtoto ameketi hapo hapo kando ya gunia, na punje ziko kila mahali. Wakati wa kuchambua maharagwe na kumenya minji ni hivyo hivyo. Ikifika Machi na Aprili tunaleta nyumbani mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi. Hizo ni mbaya mara mbili, kwa sababu zinaziba pua na zina sumu. Na rangi ile nyekundu au ya kijani ndiyo inayomvuta mtoto. Mbegu ya namna hiyo ikiingia puani, nendeni na karatasi ya pakiti yake kwa daktari ili ajue ni dawa gani.

Kuna shanga za mkufu na za nywele, kuna vifungo vya shati, vijiwe, karanga, karatasi iliyosokotwa, kifutio cha penseli, na hata punje za rozari iliyokatika. Halafu kuna sponji ya godoro. Hii watu hawaifikirii kabisa. Mtoto amelala, godoro halina kitambaa kizuri au kitambaa kimeraruka, anakaa akinyofoa vipande kimoja kimoja gizani, na kimoja anakitia puani. Sponji haimwumizi, kwa hiyo halii. Inalowa kamasi, inaoza humo ndani, na harufu yake haina mfano.

Tusidhani ni shida ya vijiji vyetu tu. Kwa jirani zetu wa Tanzania, madaktari wa hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza walichapisha mwaka wa 2013 uchunguzi kuhusu majeruhi ya masikio, pua na koo waliofika kwao. Vitu vilivyoingia mahali pasipofaa ndivyo vilivyoongoza, mbele ya ajali za barabarani, na wengi wa majeruhi walikuwa watoto.

NJIA YA PUA ILIVYO

Watu wengi hufikiri pua inapanda juu kuelekea machoni. Sivyo. Sakafu ya pua inakwenda moja kwa moja nyuma, kama kwamba inaelekea kisogoni. Matundu mawili yametenganishwa na ukuta mwembamba wa katikati, na huko nyuma yanakutana kooni, juu ya mahali ambapo chakula na hewa vyote vinapita. Ndiyo sababu mtu akichekeshwa wakati anakunywa chai, chai humtokea puani.

Kumbukeni hiyo chai, kwa maana kutokana nayo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kitu kilicho puani kikisukumwa nyuma kinaweza kuangukia kooni. Mtoto akivuta pumzi wakati huo huo, kinaingia njia ya hewa na kwenda mapafuni, na hapo shida ndogo imekuwa ya kufa na kupona. La pili, hewa ikitoka mdomoni inaweza kuzunguka nyuma na kutokea puani, na ikisukuma kitu, inakisukuma kuja nje. Hilo la pili tutalirudia.

TUTAJUAJE?

Wakati mwingine mtoto mwenyewe anasema: "Mama, nimeweka haragwe hapa." Au ndugu yake anamsemea. Hao ndio wenye bahati. Lakini mtoto aliyezoea kuchapwa kwa kila kosa hasemi. Anajua akisema atapigwa, basi ananyamaza, anajipangusa kamasi kwa mkono, na siku zinapita. Hapa tunawaomba wazazi kwa dhati: akisema, msimchape. Mkimchapa leo, kesho akitia betri hatasema, na betri haingoji.

Asiposema, tuangalie dalili. Homa ya kawaida hutoa kamasi kwa matundu yote mawili, na kwa siku chache inapungua. Lakini kamasi au usaha unaotoka tundu MOJA TU, hasa ukinuka au ukiwa na damu damu, katika mtoto mdogo, chukulieni kwamba kuna kitu puani mpaka mhudumu wa afya aangalie kwa taa na kusema hakuna. Kama kuna neno moja katika somo hili ambalo tungependa kila mama alibebe nyumbani, ni hilo. Dalili nyingine ni kupumua kwa kukoroma upande mmoja, kupiga chafya mara kwa mara, kukataa kuguswa pua, au kuamka na damu kwenye mto.

Tunasema hivi kwa sababu tumeona jinsi mambo yanavyokwenda. Katika kikundi kimoja tulikuta mtoto wa miaka minne ambaye alikuwa amehamishiwa nyuma kabisa ya darasa la nasari, peke yake, kwa sababu wenzake walisema ananuka. Majirani wengine walisema ni jino limeoza, wengine wakasema ametupiwa jicho. Mama yake alikuwa amenunua dawa kwa kemisti mara tatu. Kila mara usaha ulipungua wiki moja, kisha ukarudi. Yule mama hakuwa mzembe. Alikuwa amefanya yote aliyoambiwa, na pesa za kuku zilikwisha hapo. Hatimaye muuguzi mmoja alimlaza mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia, akatoa kipande cha sponji ya godoro, kikubwa kama punje ya haragwe. Harufu ikaisha siku chache tu baadaye. Mtoto akarudi mbele ya darasa.

Dawa ya viini hupunguza usaha, lakini haiwezi kuyeyusha shanga wala sponji. Kitu kikibaki, usaha utarudi. Kuna watu ambao hubaki na kitu puani miaka mingi, chumvi za mwilini zikakizunguka tabaka kwa tabaka mpaka kikawa jiwe, na jiwe hilo likaja kuonekana wakiwa watu wazima.

BETRI NA SUMAKU: HAPO HAKUNA KESHO

Tunazungumza juu ya zile betri ndogo za duara, zinazong'aa kama kifungo, ambazo wengine huziita mawe ya saa. Ziko ndani ya saa za mkononi, tochi ndogo za funguo, kipimajoto, kadi zinazoimba, rimoti, na vitoi vinavyowaka taa ambavyo vinauzwa siku za soko kwa bei ndogo. Kitoi kikivunjika, betri inaanguka chini. Inang'aa, ni laini, ni saizi ya pua ya mtoto.

Akina mama wa vikundi vinavyotengeneza sabuni wanaijua kostiki soda, wanajua inavyofanya ngozi ikikurukia. Basi betri hiyo ikiwa ndani ya pua yenye unyevu, umeme wake unapita kwenye ule unyevu na kutengeneza kitu cha jamii hiyo hiyo ya kostiki, pale pale kwenye nyama laini ya mtoto. Kuungua huanza upesi, kwa muda wa saa chache tu, na ukuta wa katikati ya pua unaweza kutoboka kabla siku haijaisha. Tundu hilo halizibiki lenyewe kwa urahisi. Mtoto anaweza kubaki akitoka damu na magaga puani, na pua yenyewe ikaweza kubonyea akikua. Betri iliyokwisha, ambayo haiwashi tena tochi, bado ina nguvu ya kutosha kuchoma. Msidanganyike kwamba imekufa.

Dalili yake mara nyingi ni maji meusi meusi au ya kahawia yanayotoka tundu moja, pamoja na maumivu na kuvimba. Mkishuku ni betri, ondokeni saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni saa sita za usiku, hata ikiwa mvua inanyesha. Msitie maji, msitie dawa ya matone, wala maji ya chumvi, kwa kuwa unyevu unaongeza kuchoma. Mkifika, semeni neno "betri" mlangoni kabla ya neno lingine lolote. Msipange mstari mkangoja zamu.

Sumaku mbili ndogo, kama zile za hereni za kubandika bila kutoboa, nazo ni za haraka. Moja ikiwa tundu hili na nyingine tundu lile, zinavutana na kuubana ukuta wa katikati hadi damu haipiti, na mahali hapo panakufa. Hapo pia hakuna kungoja asubuhi.

Vitu vingine tuvipange hivi. Mahindi, maharagwe, minji na mbegu zote huvimba zikilowa, na kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyokazana, basi mtoto aangaliwe siku hiyo hiyo. Shanga, kifungo au plastiki, kama mtoto anapumua vizuri na ameingia usiku, anaweza kupelekwa kesho yake asubuhi. Lakini kesho iwe kesho kweli, isiwe Jumatatu ijayo baada ya soko.

TUSICHOKORE

Mikono yetu inataka kufanya kazi. Mama akiona ncha ya shanga inang'aa, anachomoa pini ya nywele. Baba anatafuta kijiti cha kiberiti, au kibano, au waya wa baiskeli. Tunaelewa. Lakini kitu cha mviringo, ukikigusa kwa ncha, kinateleza kwenda nyuma, na mtoto akitupa kichwa wakati huo huo, ile ncha inachoma ukuta wa pua. Kisha damu inatoka, nyama inavimba, na daktari akija kuangalia haoni kitu. Wale wanaofanya kazi hii wanajua kwamba jaribio la kwanza ndilo lenye nafasi nzuri kuliko yote, wakati pua bado ni kavu na mtoto bado hajaogopa. Tukilitumia jaribio hilo nyumbani kwa pini, tumemnyang'anya daktari, na huenda mtoto sasa akahitaji kulazwa kwa dawa ya usingizi kwa jambo lililokuwa la dakika mbili.

Ugoro wa babu nao tuuache. Kuna mahali wanampa mtoto anuse ugoro au pilipili ili apige chafya. Jaribuni kupiga chafya wenyewe mwone: kabla ya kuitoa, kwanza unavuta pumzi kwa nguvu. Pumzi hiyo ndiyo inayoweza kuvuta kitu ndani. Tena ugoro ni tumbaku, na tumbaku ni sumu kwa mtoto mdogo. Maji ya kusukutua pua pia tusitumie. Yanavimbisha nafaka, yanaamsha betri, na yanaweza kukisukuma kitu nyuma. Mafuta ya taa hatutaki hata kuyataja, ila kwa kuwa tumesikia yakitumika, tunasema hapana. (Ile habari ya kutia mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu ili kuua mdudu ni ya sikio. Msiichanganye na pua.)

Tunachoweza kufanya nyumbani ni kidogo na ni cha upole. Mkalisheni mtoto wima, asilale chali. Mwambieni apumue kwa mdomo na asivute kamasi. Akiwa mkubwa wa kutosha kuelewa, zibeni tundu lililo wazi kwa kidole, afunge mdomo, na apenge kwa nguvu mara moja au mbili. Vitu vingine hutoka hapo. Visipotoka, msirudie mpaka achoke.

Na ikiwa mtoto ghafla anakohoa sana, anashindwa kupumua, au midomo inabadilika rangi kuwa ya bluu, hiyo si habari ya pua tena. Kitu kimeingia njia ya hewa. Akiwa na zaidi ya mwaka mmoja na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamisheni mbele, mpigeni mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja mara tano, kisha simameni nyuma yake mkamkumbatie juu ya kitovu na kubonyeza ndani na juu mara tano. Rudieni hivyo huku mwingine anatafuta gari. Mtoto mchanga hashikwi tumbo. Huyo analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, anapigwa mgongoni mara tano, kisha anageuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Akiendelea kukohoa mwenyewe kwa nguvu, mwacheni akohoe, mkimpeleka.

BUSU LA MAMA

Sasa turudi kwenye ile chai inayotokea puani. Mwaka wa 1965 daktari mmoja wa Marekani, Vladimir Ctibor wa New Jersey, alieleza njia ambayo madaktari sehemu nyingi wanaiita busu la mama. Haitumii chombo chochote. Inatumia pumzi ya mzazi.

Mama (au baba, au nyanya ambaye mtoto amemzoea) anamweleza mtoto kwamba atampa busu kubwa. Mtoto anakaa au kulala kidogo, mdomo wazi. Mama anaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto na kuufunika wote, bila kuacha nafasi. Kwa kidole anaziba lile tundu la pua lisilo na kitu. Anapuliza polepole mpaka asikie kama kuna kizuizi kooni mwa mtoto, kisha hapo hapo anatoa pumzi moja fupi ya ghafla, ya mashavuni tu, kama mtu anayezima mshumaa. Hewa inapita nyuma ya kaakaa, inatokea upande wa nyuma wa kile kitu, na kukisukuma mbele. Mara nyingine kinaruka nje kikampiga mama shavuni. Mara nyingine kinasogea tu mpaka kinaonekana, na muuguzi anakitoa kwa urahisi.

Mwaka wa 2012 watafiti walikusanya taarifa za watoto 152 waliofanyiwa hivyo, wakapata kwamba imefaulu kwa kama 6 kati ya kila 10, na hakuna aliyeripotiwa kuumia. Njia ya bure, isiyo na ncha, isiyohitaji kumkamata mtoto kwa nguvu, na inayofaulu zaidi ya nusu, si ya kudharauliwa mahali ambapo nauli ya kufika hospitali ni mshahara wa siku mbili za kibarua.

Nyanya zetu walikuwa na ujuzi wa jirani na huu. Walikuwa wakimfyonza mtoto mchanga kamasi kwa mdomo ili apate kunyonya. Kwa hiyo hakuna haja ya kuona haya. Tofauti ni kwamba hapa tunapuliza kupitia mdomoni, hatufyonzi puani.

Mashauri yetu ni haya. Jifunzeni kwanza kwa muuguzi wa dispensari yenu au kwa mhudumu wa afya ya kijiji, na mara ya kwanza ifanyike mbele yake. Isifanywe kwa mtoto anayepumua kwa shida. Isifanywe na mtu mwenye kifua cha kukohoa au kidonda mdomoni, atafutwe mwingine. Kama mtoto analia na kukataa, acheni. Na kama ni betri, msikae hapo mkipuliza na kupuliza, safari ianze.

HOSPITALINI WATAFANYA NINI?

Wazazi wengine huogopa kwamba mtoto atapasuliwa. Mara nyingi hakuna kupasua. Mhudumu anavaa taa kichwani, anapanua tundu la pua kwa kifaa kidogo, anaangalia kitu ni cha namna gani. Kitu laini kama sponji au karatasi anakishika kwa koleo nyembamba. Kitu cha mviringo hakishikwi kwa koleo. Anapitisha kulabu ndogo juu yake mpaka nyuma, kisha anakivuta mbele. Mahali pengine wanatumia mpira mwembamba wenye puto dogo mwishoni. Unapitishwa pembeni ya kitu, puto linajazwa kidogo, unavutwa, na kitu kinakuja nacho. Kuna pia mashine ya kufyonza. Kikiwa kimeingia ndani sana, au mtoto hatulii kabisa, ndipo dawa ya usingizi inapotumika. Kwa sababu hiyo msimshibishe mtoto ugali njiani ili anyamaze. Tumbo tupu ni salama zaidi kwa dawa hiyo.

Kazi ya mzazi hapo ni kushika vizuri. Mviringisheni mtoto kwa leso au shuka, mikono ikiwa ndani, mkalisheni mapajani mgongo ukiegemea kifua chenu, miguu yake katikati ya magoti yenu. Mkono mmoja umzunguke, mwingine ushike paji la uso. Mtoto aliyeshikwa na mama yake hivyo anatulia kuliko aliyekandamizwa na watu watatu asiowajua.

Kitu kikitoka, ombeni waangalie tena tundu hilo, na lile lingine, na masikio mawili. Mtoto aliyetia punje moja huenda alitia mbili. Damu kidogo si ya kutisha: abanwe sehemu laini ya pua kwa dakika 10, ameinama mbele. Ikiwa ilikuwa betri, msikose siku ya kurudi mliyopewa, maana tundu la ukuta linaweza kuonekana baadaye ingawa pua ilionekana nzuri siku ile.

Kuhusu mahali pa kwenda: anzeni dispensari au kituo cha afya kilicho karibu kwa vitu vya kawaida. Ulizeni mapema, kabla ya shida, kama wana taa na vifaa hivyo, kwa sababu vingine havina. Kwa betri na sumaku nendeni moja kwa moja hospitali, kama vile Molo, Gilgil au Naivasha, na mkitumwa mbele ni Hospitali Kuu ya Nakuru, ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH. Kumbukeni pia kwamba tangu Oktoba 2024 mambo ya NHIF yaliisha na sasa ni SHA. Jamaa ambayo haijaandikisha watoto wake ifanye hivyo wakati wote ni wazima.

KAZI YA KIKUNDI

Pale ambapo meri-go-raundi inaendelea vizuri, tungeshauri mtenge kiasi kidogo cha nauli ya dharura ya watoto, kinachoweza kutolewa usiku bila kuitisha mkutano. Mweka hazina na mtu mwingine mmoja watosha kukubali. Mkubaliane na mtu mmoja wa bodaboda anayeaminika, namba yake ijulikane na kila nyumba. Tumeona vikundi vyenye akiba nzuri kwenye daftari ambapo mama alikesha na mtoto kwa sababu mwenyekiti alikuwa safarini. Akiba ya namna hiyo haimsaidii mtu.

Mwalikeni CHP wa kijiji chenu. Serikali ilizindua wahudumu hao nchi nzima mwaka wa 2023 na kuwapa mikoba, na kazi yao ni kutembelea nyumba. Mwombeni pia mwalimu wa nasari aje, maana yeye ndiye wa kwanza kusikia harufu. Afadhali amwite mzazi kando na kumweleza kuliko kumhamisha mtoto nyuma ya darasa.

Nyumbani, godoro lishonewe kitambaa kigumu. Mahindi yapukuchuliwe mtoto akiwa na mwangalizi. Mbegu ya kupanda iwekwe juu. Kitoi kisicho na kifuniko cha betri kilichokazwa kwa skrubu kisinunuliwe, na betri zilizokwisha zisitupwe uani; zifungwe kwa karatasi ya gundi na kuwekwa mbali na watoto.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Katika nyumba zetu, ni vitu gani vidogo vilivyo sakafuni leo? Kila mtu ataje vitatu bila kufikiri sana.

Je, kuna mtoto tunayemjua anayetoka kamasi upande mmoja? Nani atazungumza na mama yake, na kwa maneno gani, asije akaona haya?

Mtoto akitia betri puani saa tano za usiku, tutampigia nani simu, nauli itatoka wapi, na tutaenda hospitali gani? Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi, pamoja na namba za simu.

Wawili wawili, tumieni mwanasesere au mto kuonyeshana jinsi ya kumviringisha mtoto kwa leso na kumshika mapajani. Akina baba pia.